Mjadala: Wanamazingira wa Bonde la Silicon walimtetea nani?

Mwanzisha mada
Mwishoni mwa 1981 iligundulika kwamba tangi la chini ya ardhi katika kiwanda cha kampuni ya chipu ya Fairchild, kusini mwa San Jose, katika Bonde la Silicon (kitovu cha kampuni za teknolojia huko California), lilikuwa limevujisha kiyeyushi cha kusafishia chipu, nacho kikafika kwenye kisima cha maji ya kunywa kilichokuwa umbali wa kama mita 600. Viwanda vya aina hiyo havikuwa na dohani la kutoa moshi. Vilizungukwa na nyasi zilizokatwa vizuri, na watu waliaminishwa kwamba havichafui. Mwaka uliofuata ukaundwa muungano wa kupinga sumu za viwanda hivyo, Silicon Valley Toxics Coalition, na 1983 mji wa San Jose ukapitisha sheria yake ya kudhibiti uhifadhi wa kemikali hatari. Je, vuguvugu hilo liliibana kweli sekta ya teknolojia, au liliisaidia tu kuosha uso huku ikizidi kutajirika?

Mchangiaji wa 2
Tusiwapambe kupita kiasi. Siasa za mazingira za eneo hilo zilianzia sebuleni kwa wake wa wakubwa, waliokuwa na nafasi ya kunywa chai huku wakiitazama ghuba dirishani. Save the Bay, shirika la kuiokoa Ghuba ya San Francisco, ilianzishwa 1961 na akina mama watatu wa Berkeley, na mmoja wao, Kay Kerr, alikuwa mke wa rais wa Chuo Kikuu cha California. Ikiwa hilo ndilo vuguvugu la mashinani, watu wa kawaida walikuwa wapi?

Mchangiaji wa 3
Ndugu, hiyo chai umeileta wewe. Akina mama hao waliona gazetini ramani iliyoonyesha kwamba ufukiaji wa maji ili kupata ardhi ukiendelea, Ghuba ya San Francisco ingebaki kama mto ifikapo 2020. Wakawaandikia watu barua na kuwaomba ada ya dola 1 tu, na kufikia 1965 jimbo lilikuwa limeunda tume ya kudhibiti ufukiaji huo. Kumtambulisha mwanamke kwa cheo cha mumewe, kisha kumlaumu kwa cheo hicho hicho, ni uonevu maradufu.

Mchangiaji wa 2
Simlaumu kwa mumewe. Nasema barua yake ilisomwa kwa sababu ya mumewe. Mwenzake, Sylvia McLaughlin, aliolewa na kiongozi wa kampuni ya madini ya Homestake. Nionyeshe mfagiaji aliyeandika barua ya namna hiyo akajibiwa.

Mchangiaji wa 4
Kama sikosei, hata ile sheria ya California ya ubora wa mazingira, ambayo kwa miaka mingi imetumiwa kuzuia nyumba zisijengwe, ililetwa na akina mama hao hao.

Mchangiaji wa 3
Unakosea. Sheria hiyo ilitiwa saini 1970 na Gavana Ronald Reagan, ambaye hata wewe hutamwita mama wa Berkeley.

Mchangiaji wa 4
Nimesahihishwa, lakini hoja yangu haijaguswa. Mwaka 2006 mahakama iliusimamisha mpango wa njia za baiskeli wa San Francisco kwa sheria hiyo hiyo, kwa kuwa athari zake kwa mazingira hazikuwa zimechunguzwa, na zuio likaondolewa kabisa 2010. Baiskeli, ndugu zangu! Wafanyakazi wa kampuni za teknolojia walipomiminika mjini wakitafuta pa kuishi, chombo hicho kilikuwa tayari mikononi mwa yeyote mwenye nyumba na wakili.

Mwanzisha mada
Niliuliza kuhusu kisima, nimejibiwa kwa chai na baiskeli. Kaunti ya Santa Clara ina maeneo 23 yaliyoorodheshwa katika mpango wa shirikisho wa kusafisha sumu, mengi kuliko kaunti nyingine yoyote Marekani, na mengi yanatokana na viwanda vya elektroniki. Walioketi mezani wakiunganisha vipande na kuvichovya kwenye viyeyushi hivyo walikuwa kwa wingi wanawake wahamiaji, wakiwemo wa Mexico, Ufilipino na Vietnam, katika sekta iliyowakataa wenye vyama vya wafanyakazi. Mnabishana kuhusu wanawake watatu, na hawa hakuna aliyewataja.

Mchangiaji wa 3
Hao ndio wanaovunja hoja ya dirisha. Ted Smith na wenzake waliounda muungano wa 1982 waliwaweka pamoja wakazi wenye hofu ya maji na watetezi wa usalama kazini. Mwaka 1984 sheria ya matangi ya chini ya ardhi ikawa ya nchi nzima. Kuosha uso hakuhitaji tangi lenye kuta mbili za kuzuia uvujaji.

Mwanzisha mada
Lakini utengenezaji mwingi wa chipu ulihamia Asia, na viyeyushi vikaenda nao. Hapo ndipo ushindi unaponikwama kooni.

Mchangiaji wa 2
Basi wa kisima nawakubali. Wa dirishani bado.