Mrejesho: Zaburi mliyonielekeza nilipokuwa nikidharauliwa

Mtakumbuka kwamba niliomba ushauri kuhusu maandiko ya kunifariji, kwa kuwa wenzangu wawili kazini, waliopandishwa vyeo kabla yangu, walikuwa wakiniigiza ninavyosema kila nilipofungua kinywa kikaoni.

Wengi wenu mlinitajia Zaburi ya 123. Ina mistari minne tu, nami nikadhani, niseme kweli, kwamba ni mifupi mno kwa uchungu niliokuwa nao. Hata hivyo niliinakili kwenye kikaratasi, nikakiweka katika mfuko wa shati, na sasa kimechakaa kwenye mikunjo. Kilichonishika ni pale mtunzi anaposema kuwa wameshiba dharau ya wenye kiburi, kwa maana hafichi kwamba imemkinai, wala hajifanyi jasiri, bali anainua macho yake kwa Mungu kama mtumishi anayeutazama mkono wa bwana wake, akingoja rehema. Sikujua kwamba kulalamika namna hiyo nako ni sala.

Aliyenielekeza Zaburi ya 119 naye namshukuru, ingawa mistari yake 176 bado sijaimaliza. Nimesimama kwenye wa 50 na wa 51, ambapo faraja na dharau zimewekwa bega kwa bega.

Wale wawili hawajabadilika. Juzi waliniigiza tena, nikagusa mfuko, nikaendelea kusoma taarifa yangu hadi mwisho.