Kisu cha kwanza cha kuwindia bila grenda: springi, tupa au panga kuukuu?

Mkaa_Mweusi anauliza:

Wakuu, habari za jioni.

Nataka kutengeneza kisu cha kuwindia nyumbani, cha kuchuna ngozi na kukata nyama, urefu wote sentimita 21 hivi. Grenda sina, na umeme wa kutegemea sina. Nina msumeno wa chuma, tupa bapa ya nchi 10, tupa duara ndogo, jiriwa, drili ya kuzungusha kwa mkono na jiko la mkaa.

Chuma nilichokusanya: kipande cha springi ya Land Rover, unene milimita 7, tupa kuukuu iliyokwisha meno, na panga lililolika ncha. Springi nimeijaribu, msumeno unateleza juu yake tu na bledi mbili zimekwisha. Je, nianze na kipi? Nichovye kwenye maji au mafuta machafu ya gari kama wanavyosema? Na mpini nifunge mbao gani?

Jiriwa:

Mkuu, weka springi pembeni. Chuma chake ni kizuri sana, ila kimekuja kikiwa kimegumishwa, ndiyo maana msumeno unateleza. Hata ukikilainisha motoni kikakatika, bado kina unene wa milimita 7 na wewe unahitaji 3 au 4. Piga hesabu: kipande cha sentimita 22 kwa 3, ukipunguza milimita 4, ni takriban gramu 200 za chuma za kugeuza unga kwa mkono wako. Springi ni ya mtu mwenye fuawe na nyundo, anayeifua ikiwa nyekundu hadi iwe nyembamba.

Tupa ni nyembamba kidogo na ina kaboni nyingi, karibu asilimia 1 au zaidi, inashika makali kuliko vyote ulivyotaja. Lakini nayo lazima ilainishwe kwanza, na kuna tupa za bei rahisi ambazo ni ngumu juu tu, ndani chuma laini. Hizo huzijui mpaka uvunje kipande.

Anza na panga. Panga la kiwandani tunalinoa kwa tupa kila siku, maana yake tupa inalikata bila kulipitisha motoni. Unene wake karibu na mpini ni kama milimita 3 na hupungua kuelekea ncha, kwa hiyo kisu chako kitoke upande wa mpini.

Kabla ya kuchora chochote, jaribu kama lina kaboni ya kutosha. Kata ukanda wa upana wa sentimita 1, upashe moto mpaka sumaku isiushike, uchovye kwenye maji hapohapo. Ufunge kwenye jiriwa, ufunike kwa kitambaa kizito (vipande huruka), upige nyundo. Ukikatika kama kioo, endelea. Ukijikunja tu, tafuta panga jingine. Kwa kugumisha, maji ni ya jaribio hili pekee.

Vipimo vya kisu chenyewe: bapa sentimita 10, mpini 11, upana sentimita 2.8. Chuma kipite mpini mzima, usitengeneze mkia mwembamba wa kuchomeka kwenye mbao. Kwenye kona ya kuingilia mpini usiache pembe kali ya ndani, izungushe kwa ile tupa duara. Pembe kali ndipo chuma kinapopasuka kikichovywa, na kisipopasuka siku hiyo kitakatika siku unapobanjua kiungo cha mguu.

Bledi ya msumeno iwe ya meno 24 au 32 kwa nchi, kwa sababu kwenye chuma cha milimita 3 unataka walau meno mawili au matatu yakanyage kwa pamoja. Ya meno 18 itakwama na kung'oka. Meno yaelekee mbele, mapigo 40 hadi 50 kwa dakika, si mbio.

Sasa makali. Paka wino wa kalamu nene ukingoni, laza bapa mezani, chukua biti ya drili yenye kipenyo sawa na unene wa chuma, ilaze mezani pia na uchore kwa ncha yake. Ncha itaanguka katikati kabisa ya unene. Huo ndio mpaka wako, tupa kutoka pande zote mbili isiuvuke.

Mkono mtupu utaviringisha makali badala ya kuyanyoosha. Funga bapa juu ya ubao, funga fimbo ya chuma kwenye tupa, ipitishe ndani ya bolti yenye jicho. Jicho likae upande wa mgongo wa kisu, sentimita 30 kutoka mstari wa juu wa makali (pale mteremko unapoanzia), na liinuke milimita 18 juu ya uso wa bapa. Kwa makali ya kimo cha milimita 18 kwenye chuma cha milimita 3 huo ndio mteremko wenyewe, ongeza tu tofauti ya kimo kati ya tumbo la tupa na fimbo. Tupa hukata ikienda mbele, kwa hiyo inyanyue ukiirudisha. Isugue chaki mara kwa mara ili vumbi la chuma lisigande kwenye meno na kukwaruza.

Acha ukingo unene wa kadi ya benki, karibu milimita 0.8. Ukiufanya mwembamba zaidi utajikunja mawimbi kwenye mafuta, na hakuna dawa isipokuwa kuukata. Matundu ya pini ya mpini toboa sasa hivi. Ukishagumisha, biti yako itakuwa kama chaki.

Chuma_Moto:

Jiriwa amemaliza ya tupa, mimi niseme ya moto, maana hapo ndipo kazi ya siku tatu huharibika kwa dakika moja.

Jiko la kawaida halina urefu wa kutosha. Jenga mfereji kwa matofali na udongo, urefu wa sentimita 30, na chini yake bomba la chuma la nchi 1 lenye matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita 3. Hewa itoke kwenye mvukuto, au feni ndogo ya volti 12 kwa betri ya pikipiki. Mkaa uvunje saizi ya yai. Fanya kazi jioni au kivulini, juani rangi ya chuma inakudanganya na utakiunguza.

Kwanza usichovye chochote. Pasha mpaka sumaku iachie, toa, acha kipoe hewani mpaka kiwe cheusi. Rudia mara tatu. Hii inaondoa mikazo iliyobaki kutoka kiwandani na kufanya punje za chuma ziwe ndogo. Anayeiruka hii ndiye baadaye analalamika kisu kimepinda kama ndizi.

Sumaku huacha kushika chuma kwenye nyuzi 770 hivi. Kwa kugumisha panda kidogo tu juu ya hapo, kivuli kimoja cha wekundu, ukishikilie dakika moja au mbili. Ukingo wa makali utazame juu, mbali na pale hewa inapotokea, na ukisogeze kisu mbele na nyuma kwa sababu ncha huwaka kabla ya sehemu nyingine.

Mafuta: ya kupikia, lita 2 au 3, kwenye kopo refu la bati lenye mfuniko. Plastiki hapana. Yapashe kwanza mpaka nyuzi 50 au 60 kwa kutumbukiza kipande cha chuma cha moto. Watu hushangaa, lakini mafuta ya uvuguvugu huwa mepesi na hupoza haraka kuliko ya baridi. Ingiza ncha kwanza, wima, ukitikisa mbele na nyuma kwa mwelekeo wa makali. Ukitikisa ubavuni, upande mmoja unapoa kabla ya mwingine na kisu kinapinda. Mafuta yakishika moto funika kopo. Usimwage maji kamwe.

Mafuta machafu ya gari yana moshi wa sumu, na lile la kwamba yanaongeza kaboni ni hadithi. Kaboni haipenyi chuma kwa sekunde kumi. Maji nayo ni makali mno kwa chuma cha milimita 3, utasikia "ti!" na huo ndio mwisho wa kisu.

Kikitoka, pitisha pembe ya tupa kwenye makali. Ikiteleza bila kuuma, umefaulu. Kwa wakati huu kisu ni kigumu lakini kinavunjika kama sahani, usikidondoshe sakafuni. Ndani ya saa ileile kilegezwe, mafundi wa karakana huita kutempa: ovena nyuzi 200, saa mbili, kipoe, kisha saa mbili nyingine. Kwa panga nyuzi 190 hadi 200 zinatosha.

Kama huna ovena, sugua bapa mpaka ling'ae, jaza mchanga mkavu kwenye sufuria kuukuu, moto wa taratibu, kisu kisimame kikikanyaga mgongo. Angalia rangi inavyopanda kutoka mgongoni. Makali yakifika rangi ya majani makavu, ng'oa na utie kwenye maji. Yakifika zambarau au bluu umepitiliza, makali yatakuwa laini na utarudi kuanza kugumisha upya.

Mninga_Mkavu:

Mpini: mpingo ni mzuri kwa macho, ila kwa zana za mkono utakutoa jasho bure, na mafuta yake yanakataa gundi usipoufuta kwa asetoni kwanza. Chukua mninga. Unakatika vizuri na haujikunji sana ukikauka. Mbao iwe kavu kabisa, mbichi itasinyaa na kuacha chuma kimechomoza pembeni.

Vipande viwili vya unene wa milimita 9 kila kimoja. Ncha zake za mbele, zile zinazotazama makali, zisuguliwe mpaka zing'ae kabla ya gundi, kwa sababu baadaye huzifikii bila kukwaruza bapa. Pini kata kutoka msumari wa nchi 4, wengi wake ni milimita 4 hivi, lakini pima kwanza ndipo uchague biti. Gundi ya mirija miwili, ichanganye sawasawa, bana kwa kiasi. Ukikaza jiriwa kwa nguvu zote gundi yote inatoka pembeni na unabaki na mbao kavu juu ya chuma. Saa 24 kabla ya kugusa. Ukimaliza kusugua, paka mafuta ya kitani mara tatu, kila mara siku moja.

Kuhusu kuwinda: huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo kisu cha namna hii kwetu ni cha mbuzi wa sherehe. Tanzania ukiwa na leseni ni sawa. Kwa kuchuna, ncha isiwe kali sana, izungushe kidogo, la sivyo utatoboa ngozi na matumbo.

Mkaa_Mweusi:

Asanteni wakuu. Nimejaribu ukanda wa panga: umekatika kwa pigo moja, lakini sehemu iliyovunjika ina punje kubwa zinazometa kama sukari. Ndivyo inavyotakiwa?

Chuma_Moto:

Hapana, mkuu. Kaboni ipo, ila moto ulizidi. Panapovunjika panatakiwa kuwa kijivu laini kama kaure iliyovunjika, bila punje za kumeta. Chukua kipande kilichobaki, kipashe na kukipoza hewani mara tatu kama nilivyoandika, kichovye tena mara tu sumaku inapoachia, ukivunje. Rudia kwenye vipande vya ukanda mpaka jicho lako likariri ile rangi, ndipo ushike kisu chenyewe.

Jiriwa:

Na kwenye kunoa, kwa upana huo wa sentimita 2.8 inua mgongo milimita 8 juu ya kinoo, ni kama nyuzi 17 kila upande. Noa upande mmoja mpaka usikie kwa kidole kijimkunjo cha chuma kimetokea upande wa pili kwa urefu wote wa makali, ndipo ugeuze. Loweka kinoo kwanza, na kisu usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi kikiwa na unyevu, panga halina kinga yoyote dhidi ya kutu.

Kabla ya kukichovya niwekee picha ya kona ya mpini, niione kama umeizungusha kweli.