"Remove" kwenye mwongozo wa jiko la gesi: niandike "ondoa" kila mahali?

Mtafsiri_Umoja: Hamjambo wenzangu. Natafsiri mwongozo wa jiko la gesi watakaogawiwa akina mama wa kikundi kimoja hapa Nairobi. Kiingereza kinarudia "remove" karibu kila ukurasa: sufuria, stika, regyuleta, glavu, madoa ya mafuta. Mhariri ameshikilia kwamba neno moja la Kiingereza lipate neno moja la Kiswahili, basi iwe "ondoa" mwanzo hadi mwisho. Moyo wangu unakataa. Nimjibu vipi?

Mwalimu_Buruburu: Usikubali. Kiswahili hutaka kujua kitu kilikuwa kimekaaje kabla hakijatoka. Kilichobandikwa hubanduliwa, kilichochomekwa huchomolewa, kilichovaliwa huvuliwa. Sufuria iliyotelekwa huepuliwa, na ukishaandika "epua" huna haja ya kuongeza "motoni". Madoa, yatoe. Na hata Waingereza wenyewe "remove" huiweka zaidi kwenye maandishi. Nyumbani nguo ni "take off", na kilicho ndani ya kabati ni "take out". Mwonyeshe mhariri hilo.

Wakili_SouthB: Napinga kidogo. Kwenye sheria kurudia neno ni lazima. Ibara ya 181 ya Katiba ya 2010 inahusu kuondolewa kwa gavana; ukiandika "kuondolewa" hapa, "kubanduliwa" pale na "kung'olewa" kwingine kama magazeti yetu, msomaji atadhani ni hatua tatu tofauti. Ila jiko si mahakama. Hapo namuunga mkono Mwalimu.

MamaShiru: Hiyo "epua" wasichana wangu hawaijui, wao husema "toa sufuria kwa moto". Iandike tu, lakini weka picha kando yake. Ni neno zuri, lisitupotee.

Fundi_Kayole: Mimi nasema ya kazi. Kichomeo kinachokaa juu ya mtungi wa kilo 6 hufunguliwa kwa kuzungushwa. Regyuleta ya ule mkubwa huchomolewa. Ukiandika "ondoa" kote, mtu atavuta kinachotakiwa kuzungushwa. Na kabla ya yote mawili, gesi ifungwe kwanza! Mwongozo umesema hivyo?

Mtafsiri_Umoja: Fundi, kwenye regyuleta haujasema. Nampigia mhariri sasa hivi, nianze na hilo la kufunga gesi, kisha nimsomee jibu la Mwalimu. Asanteni sana.