Benzi W123 ya marehemu baba: nitie rimu za inchi 17?

Mwana wa Wete
Assalamu alaykum wanajamvi. Marehemu baba katuachia Mercedes-Benz 280E ya 1982, bodi ya W123. Ilikaa bandani miaka sita. Nimeshughulikia breki na mipira ya mafuta, sasa inatembea vizuri. Bado ina rimu zake za chuma za inchi 14, na tairi 195/70 zimepasukapasuka kwa kukaa. Kuna muuzaji Unguja ana rimu za inchi 17 na tairi 215/45, anasema zinakaa Benzi yoyote. Dada yangu anaolewa mwezi ujao na nataka atoke nyumbani kwa gari ya baba, ikiwa imependeza. Ila naogopa kuiharibu. Nishaurini.

Fundi Mkoani
Waalaykumu salaam. Kwa kipenyo hakuna neno: 195/70 R14 ni kama mm 629, 215/45 R17 ni mm 625, kwa hiyo spidomita itasoma karibu vilevile. Shida ni ukuta wa tairi. Sasa una mm 136 za mpira baina ya rimu na barabara, na ukienda 17 zinabaki 97. Masika haya shimo limejaa maji, kina chake hukioni. Pigo litakwenda kwenye rimu, halafu kwenye bushi na boljointi za gari yenye umri mkubwa kuliko wewe pengine. Raha ya W123 ni ule ulaini wake, na sehemu kubwa ya ulaini huo imo kwenye tairi nene.

Bububu
Mie ningeanza na namba kabla ya inchi. Gari yako ina boliti tano kwenye duara la mm 112, na tundu la kati ni 66.6. Rimu nyingi za boliti tano hapa Unguja ni za Toyota, na nyingi kati ya hizo ni 114.3. Kwa macho hutofautishi! Boliti mbili zitashika, nyengine zitalazimishwa, na zikilegea uko njiani na familia. Fundi akikwambia "tunachonga kidogo tu", chukua gari yako uondoke. Tazama na ET iliyogongwa nyuma ya rimu, yaani mm kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu. Zako za asili ni ET30. Za W124, Benzi iliyokuja baada ya yako, ni ET49, maana yake rimu inaingia ndani mm 19 zaidi.

Mama Salha
Mdogo wangu, tafuta rimu za inchi 15 za W126, ile Benzi kubwa ya S-Class, zile 7J (upana inchi 7) ET25, uvishe 205/60 R15. Kipenyo mm 627, ukuta mm 123. Ninazo kwenye 230E yangu na gari imesimama hasa. Zinatoka nje kidogo, kwa hiyo pakia watu nyuma uone kama fenda haigusi. Na boliti, tafadhali sana: rimu za alumini zina boliti zake ndefu. Fupi za chuma hazishiki vya kutosha. Na siku ukifunga spea ya chuma usitumie zile ndefu, za nyuma zinaweza kugota kwenye breki ya mkono. Weka boliti fupi tano kwenye buti pamoja na spea.

Fundi Mkoani
Sahihi kabisa. Kaza boliti kwa spana ya torki, Nm 110, rudia baada ya kilomita 50. Ukinunua tairi za mtumba soma namba nne za mwisho za DOT, ule msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya 2014, hizo ziache.

Mwana wa Wete
Nimempigia muuzaji, nikamuomba apige picha nyuma ya rimu. Imegongwa 5x114.3, ET45. Nimemwambia hapana. Allah awalipe kheri. Kuna mwenye seti ya W126, Pemba au Unguja? Nne zinatosha, spea nabaki na ya baba.