Boti ya jeti ilikuwa na nguvu Mtwapa, Naivasha imelala. Ni injini ama ni pampu?

KijanaWaSouthB:
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wale wanaelewa injini za boti, hasa zile za jeti zisizo na propela nje. Mimi na kaka yangu tulinunua boti ya aluminiamu kwa mzee mmoja Mtwapa, iko na injini ya petroli V8 lita 5.7 ya kabureta na imeungwa moja kwa moja na pampu, hakuna giaboksi. Tuliijaribu hapo krikini na watu wamejaa na ilitoka vizuri sana, ukifungua mafuta yote geji ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inafika 4,000 na kukaa hapo. Tukaivuta na trela mpaka Nairobi, siku hizi tunashuka nayo Naivasha wikendi, na huko ndiko shida imeanzia. Mafuta yote inaishia 3,500, moshi mweusi unatoka, petroli inanuka na tanki inaisha mbio. Halafu kuna kingine, tukipita karibu na magugu maji saa zingine RPM inaruka ghafla inapita 4,200, boti inatetemeka na badala ya kukimbia inapunguza mwendo.

Fundi mmoja wa magari hapa mjini amepima kompreshoni, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda, na zote nane ziko kati ya 118 na 124 psi, akasema kitabu kinataka 150 kwa hivyo ringi za pistoni zimeisha tufanye ovaholi. Hesabu aliyotupa ni nzito. Mwingine naye anasema tuweke kabureta kubwa na mafuta ya okteni ya juu. Kabla tutoe pesa nataka kusikia watu wanaojua.

FundiLungaLunga:
Bosi usifungue hiyo injini. Soma hii yote kwanza, ni ndefu lakini itakuokolea pesa.

Mtwapa uko usawa wa bahari. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, piga hesabu utaona karibu asilimia 19 imeenda na hakuna kitu kimeharibika. Sasa hiyo kompreshoni pia ni hewa hiyo hiyo. Shinikizo la hewa Naivasha ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na Nairobi hatuko mbali na hapo, kwa hivyo injini nzima kabisa inayosoma 150 Mtwapa itakusomea karibu 120 hapa. Wewe umepata 118 mpaka 124. Hiyo ni injini nzuri! Na tena silinda zote zinafanana, hapo ndipo pa kuangalia, kama moja ingesoma 85 na zingine 120 hapo ningekuambia tuzungumze mambo ya ringi na valvu.

Twende kwa RPM sasa. Pampu ya jeti si kama propela. Maji inayopita ndani ya pampu haijali sana kama umebeba watu wawili ama wanane, mzigo kwa injini ni karibu ule ule, kwa hivyo RPM ya mafuta yote haibadiliki sana hata boti ikijaa. Ndiyo maana kwa jeti hiyo geji ni kitu cha maana kuliko spidi. Ikishuka chini ya kawaida, injini haitoi nguvu. Ikipanda juu ya kawaida na boti haiendi, injini iko sawa lakini pampu haishiki maji. Wewe una zote mbili, 3,500 ni ya injini na ile 4,200 ya kuruka ni ya pampu. Usizichanganye maana dawa zake ni tofauti kabisa.

Nguvu ambayo pampu inakula hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko. Ukipoteza asilimia 19 ya nguvu, RPM inashuka kama asilimia 7 tu, yaani kutoka 4,000 unafika karibu 3,700. Hiyo 3,700 ndiyo haki yako Naivasha. Zile 200 zingine zinazopotea ziko kwa kabureta: ilipangwa kwa hewa nzito ya pwani, huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na moshi mweusi ndio ushahidi. Toa plagi uangalie, nakuhakikishia utapata masizi makavu meusi. Punguza saizi ya jeti za kabureta, zile za brasi zenye kitundu, hatua moja kwanza, jaribu, usome plagi tena. Unataka rangi ya kahawia hafifu. Ukienda chini sana injini itakosa petroli ikiwa chini ya mzigo, na boti ya jeti iko chini ya mzigo wakati wote, haina mteremko wa kupumzika kama gari, utatoboa pistoni. Taimingi, yaani muda wa plagi kutoa cheche, pia angalia na taa ya taimingi, juu huku inaweza kuvumilia digrii chache zaidi, lakini chache tu na usikize kama inagonga.

Kabureta kubwa achana nayo. Injini inavuta hewa kidogo kuliko pwani halafu unataka kuipanulia mlango, mwendo wa hewa utashuka na kuchanganya petroli kutakuwa kubaya zaidi. Okteni ya juu haiongezi nguvu kwa injini ambayo haigongi.

MwanaZiwa:
Fundi amemaliza mambo ya injini, wacha mimi niingie kwa pampu kwa sababu nimekua Homa Bay na magugu tunayajua.

Hiyo RPM kuruka ni pampu inavuta hewa ama imezibwa. Magugu, mfuko wa plastiki, kipande cha wavu wa samaki, vinakaa kwa grili ya chini ambapo maji inaingilia, impela, ile feni inayosukuma maji ndani ya pampu, inakosa maji ya kutosha na kuanza kuzunguka ndani ya mapovu. Mapovu hayo hayasukumi kitu, halafu yakipasuka juu ya chuma yanakitafuna, ukiona impela ina vidonda vidogo vidogo ndio hivyo. Na kwa sababu ya mwinuko, Naivasha mapovu huanza mapema kuliko Mtwapa hata pampu ikiwa ile ile.

Pampu nyingi zina mfuniko wa ukaguzi juu ya njia ya maji, ndani ya boti huko nyuma. Zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni, hakikisha mfuniko uko juu ya usawa wa maji kabla hujafungua, kisha ingiza mkono upapase nyuma ya grili na kuzunguka shafti. Usiruke majini kuangalia chini bwana, hilo ziwa lina viboko na wanapenda hapo hapo pembeni penye majani.

Boti ikiwa kwa trela, angalia nafasi kati ya ncha za impela na ringi yake, ule mduara unaoizunguka. Chukua fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, pima sehemu kadhaa huku ukizungusha kwa mkono. Mwongozo wa pampu yako ndio unatoa kipimo cha mwisho, lakini kama fila ya milimita 1 inapita bila kugusa popote, maji mengi inarudi nyuma na unachoma petroli bure. Mchanga ndio unakula hiyo ringi, kila wakati unapowasha injini pale pembeni kwa maji ya magoti unanyonya changarawe. Isukume mpaka iwe kwa kina cha kiuno hivi kabla ya kuwasha. Watu wanasikia boti za jeti ziliundwa kwa maji mafupi, ni kweli, Bill Hamilton kule New Zealand miaka ya 1950 alizitengenezea mito isiyo na kina, lakini kupita juu ya maji mafupi ukiwa kwa mwendo si sawa na kusimama juu ya mchanga ukikanyaga mafuta.

Makali ya mbele ya impela pia. Yakiwa na pengo ama yamekuwa butu, mapovu yanaanzia hapo. Yanyooshe na tupa taratibu, kila bapa sawa na lenzake, halafu peleka ikabalansiwe. Makali ya nyuma usiguse, ukiyakata unabadilisha mzigo wa pampu.

DadaWaSpea:
Nauza spea Kirinyaga Road na naomba niseme kitu hapa kwa sababu kila mwezi nakataa kuuzia watu wa boti. Alteneta ya gari, stata ya gari, pampu ya petroli ya gari, USIWEKE kwa injini ya petroli iliyofungiwa ndani ya boksi la boti. Zinafanana kwa macho lakini za boti zimefungwa zisitoe cheche nje. Petroli ikinuka kama unavyosema, ujue mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka chini ya boti na kukaa hapo ukingoja cheche moja. Tafuta inapotoka harufu kabla ya kuhangaika na nguvu. Na kabla ya kuwasha washa feni ya kutoa hewa dakika 4 hivi na unuse mwenyewe. Ile chuma ya kuzuia moto juu ya kabureta pia isitolewe eti ndiyo injini ipumue.

Jeti za kabureta njoo na ile ya zamani mkononi, namba imepigwa pembeni, tutapata ya chini yake.

KijanaWaSouthB:
Asanteni sana, kwa kweli nimepumua. Dada harufu tumeipata, ilikuwa hosi ya kurudisha petroli imepasuka karibu na klempu, tumebadilisha na ya boti. Plagi zilikuwa nyeusi tititi. Tumeshuka hatua moja kwa jeti na jana tumefika 3,650 na moshi umeisha. Na MwanaZiwa, tulifungua ule mfuniko tukapata nailoni ya wavu imejisokota kwa shafti mpaka imekuwa ngumu, tumeikata kwa kisu kipande kwa kipande. RPM hairuki tena kwa maji safi. Fila ya milimita 1 inapita upande mmoja tu, upande mwingine inagoma.

Swali la mwisho, kuna njia ya kurudi 4,000 nikiwa Naivasha?

FundiLungaLunga:
Safi kabisa. Fila kupita upande mmoja kunaonyesha shafti haiko katikati, angalia beringi ya nyuma kabla ununue ringi mpya, la sivyo hiyo mpya nayo italiwa upande ule ule.

4,000 unaweza kupata kwa impela nyepesi, yenye mzigo mdogo. Injini itazunguka hadi pale inapotoa nguvu zaidi, na utaona tofauti boti ikiwa imejaa na unataka inyanyuke. Lakini ile asilimia 19 hairudi, hiyo ni ya tabo ama supachaja na hapo ni pesa nyingine. Mimi ningemaliza beringi na ringi kwanza, nipime tena na tanki nusu, maji yote yaliyokaa chini ya boti yakiwa yametolewa, ndiyo niamue mambo ya impela. Na mkiibadilisha ile ya sasa muiweke, siku mkirudisha boti pwani mtaihitaji pamoja na zile jeti za zamani, kwa sababu ukiteremka Mtwapa na jeti ndogo injini itakosa petroli na ukiwa na impela nyepesi itapitiliza mizunguko.

MwanaZiwa:
Na zinki za kuzuia kutu msisahau, za pwani hazifanyi kazi vizuri kwa maji yasiyo na chumvi, wekeni za magnesi muda huu mko Naivasha.