Texas 2021: watu waliuawa na baridi au na gridi?

Mdau_Dallas: Wadau, mjomba wangu kaandika kwenye kundi la familia kwamba waliokufa Texas Februari 2021 walichukuliwa na baridi, kazi ya Mungu, tusilaumu mtu. Nimemkatalia, nasema gridi, yaani mtandao wa umeme wa jimbo, ndiyo ilishindwa. Kweli Dallas ilishuka hadi nyuzijoto −19, haikuwa imefika huko tangu 1949. Lakini nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, na jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Nani alaumiwe?

Kipanga: Mitambo ya umeme wa upepo iliganda. Picha ya helikopta ikiyeyusha barafu kwenye mapanga tuliiona wote.

FundiUmeme: Picha ile ni ya Uswidi, tena ya miaka ya nyuma. Mapanga yaliganda kweli, ila pengo kubwa lilikuwa la gesi inayoendesha mitambo ya umeme. Visima viliganda, na baadhi ya mitambo ya kusukuma gesi inatumia umeme, nayo ikakatiwa pamoja na nyumba za watu. Gesi ikakosa umeme, umeme ukakosa gesi. Usiku wa kuamkia tarehe 15, kwenye saa nane hivi, zilibaki dakika 4 na sekunde 37 gridi nzima ianguke.

MwanaMakete: Mimi nasema watu wamedeka. Kwetu Makete mwezi wa saba unaamka majani meupe kwa barafu, na hakuna gridi inayotupasha joto. Unaingiza jiko la mkaa ndani, unalala.

MamaWawili_Houston: Futa hayo maneno, kaka. Jirani zetu wa chini waliingiza jiko la kuchomea nyama sebuleni siku ile. Walitolewa hawajitambui, na mtoto wao. Hospitali za Houston zilipokea mamia ya watu wa namna hiyo, wengine waliwasha gari gereji ikiwa imefungwa. Unatuambia tumedeka?

MwanaMakete: Pole dada, lakini sikusema ufunge madirisha. Bibi yangu kalala na jiko maisha yake yote, mlango anauacha wazi kidogo.

Nesi_Mbeya: Bibi yako alilala nyumba yenye mianya kila kona, ndiyo iliyomwokoa. Kila Juni hadi Agosti napokea watu wa jiko la mkaa kwenye zamu yangu, na wengi wanasema hivyohivyo, "niliacha wazi kidogo". Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka haina harufu. Mkaa ukishakolea hata moshi huoni. Mtu anaumwa kichwa, anadhani ni uchovu, analala.

MwanaMakete: Mnanisema kana kwamba nimeua mtu. Nilizungumzia uvumilivu.

Mzenji_Minnesota: Uvumilivu gani? Kijiji cha Tower huku kwetu kilifika −51, Februari 1996. Tunaishi kwa sababu mabomba yamezikwa chini sana na kuta zimejazwa kinga ya joto. Nyumba nyingi za Texas zimejengwa kwa kufikiria jua. Mtu wa Makete ukimweka ndani ya ile nyumba bila umeme siku tatu ataganda kama wengine.

Kipanga: Turudi kwenye mada. Wanaosema kosa ni gridi ya Texas kujitenga na majimbo mengine, kwenye baridi ya Desemba 2022 Tennessee waliounganishwa walikatiwa umeme kwa zamu, jambo ambalo TVA, shirika la umeme la huko, haikuwahi kulifanya tangu ianzishwe 1933. Texas ikashikilia.

FundiUmeme: Ilishikilia kwa kuwa baada ya 2021 sheria iliwalazimisha kukinga mitambo na baridi. Walikuwa wameshaambiwa hayo baada ya baridi ya Februari 2011, ripoti ya serikali kuu ikaandikwa, ikaachwa iwe hiari. El Paso imo Texas hiyohiyo lakini iko kwenye gridi ya majimbo ya magharibi. Wao walijikinga baada ya 2011, na 2021 umeme wao haukukatika kama wa wenzao. Mjomba aelezwe hilo.

Mdau_Dallas: Nimemtumia. Amesoma, yuko kimya.

MwanaMakete: Nesi, samahani. Bibi yuko peke yake na jiko liko chumbani sasa hivi. Nimwambie afanyeje?

Nesi_Mbeya: Litoke nje kabla hajalala, hata kama unaona majivu tu juu. Blanketi mbili na chupa ya maji ya moto miguuni. Mpigie sasa, usingoje giza.