Kamati ya "kufufua soko" la kata yetu imekaa vikao bila mfanyabiashara hata mmoja. Hii ni dharau!

Wakuu, nimevumilia nimechoka.

Kata yetu iko upande wa Temeke, na uhai wake wote ni soko na kituo cha daladala. Imeundwa kamati ya kuchangamsha biashara, mchoro umeshabandikwa ofisi ya kata. Nimeuangalia: geti kubwa, bustani, maegesho. Halafu wauza samaki na mama ntilie wanasukumwa nyuma ya maghala, ambako hakuna daladala inayopita.

Nani kawaambia mteja atamfuata muuzaji kichochoroni? Mteja wa kwetu anashuka kwenye gari jioni, ananunua fungu la nyanya na dagaa, huyo anakwenda zake. Ukimhamisha muuzaji umemnyang'anya mteja. Mbona mfano tunao hapa hapa mjini? Machinga Complex pale Ilala, jengo la wafanyabiashara wadogo, ilijengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF, vizimba vikakaa vitupu miaka kibao, watu wako barabarani Kariakoo. Oktoba 2021 wakaondolewa tena, wakapangiwa maeneo, na wengi wao wakarudi kule kule kwenye wateja.

Soko letu halihitaji geti. Mtaro wa kwenye samaki umeziba, mvua ikinyesha maji yenye magamba yanaingia chini ya meza za mboga, na kina mama wanauza wamesimama juu ya matofali. Choo kinafungwa magharibi, muda ambao biashara ndiyo inachanganya. Taa hakuna, tunamulika kwa simu. Lakini mkusanya ushuru na mashine yake hakosi hata siku moja!

Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya kukopesha vikundi je? 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi cha wauza mboga kimesajiliwa, andiko limepelekwa, kila wakienda ni "njooni wiki ijayo". Kamati ingehangaika na faili hilo ningeipigia makofi.

Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe wake. Waje sokoni na huo mchoro, watuambie usoni.

Kama kuna mdau humu ambaye soko lao liliwahi kuzuia uhamisho wa namna hii, naomba aseme: mlianzia kwa mtendaji wa kata au mlikwenda moja kwa moja halmashauri?